Picha yako imetumiwa bila ruhusa: uandike barua, uiondoshe mtandaoni, uende kwa Kamishna au mahakamani?

Saa mbili asubuhi nahodha mmoja wa Lamu alinipigia simu, na salamu hakuzimaliza. "Mwanangu, mbona niko ukutani huku?" Mpwa wake alikuwa amepita mbele ya ofisi ya kuuza safari za watalii mjini Malindi, akaona bango, akalipiga kwa simu na kumtumia. Naye akanitumia mimi. Niliikuza kwa vidole viwili: tanga lenye kiraka cha turubai ya buluu karibu na foromali, mkono wake juu ya usukani, kofia imeinama kidogo upande wa kulia. Picha yangu. Pembeni chini, palipokuwa na jina langu, pamekatwa, na juu ya anga wameandika bei ya safari ya machweo.

"Wewe ndiye uliyeniuza?"

"Sikukuuza, ami. Na mimi nimeibiwa."

Swali lake liliniuma kuliko bango lenyewe. Pia lilinifunza kitu ambacho wengi hukikosa wanapotafuta msaada wa sheria: picha moja ina wenyewe wawili. Aliyeipiga ana haki katika kazi yake, na hiyo ndiyo hakimiliki. Aliyepigwa ana haki katika sura yake, na hiyo ni haki ya faragha na ya taarifa binafsi. Milango yao ni tofauti. Nimeona watu wakisubiri miezi mbele ya mlango ambao si wao, kisha wakakata tamaa wakidhani sheria haipo.

Mimi ni mpigapicha. Ninayoyaandika hapa nimeyajua kwa kuyapitia, nikiongozwa na wakili. Nazungumzia zaidi sheria za Kenya, na Tanzania naitaja pale inapofanana au kutofautiana.

Kabla ya kuchagua, jiulize haya

Kwanza, haki iliyoguswa ni yako? Kama wewe ndiye uliyebonyeza kamera, hakimiliki kwa kawaida ni yako tangu picha ilipozaliwa. Usajili si sharti. Kenya iliingia Mkataba wa Berne mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, na msingi wa mkataba huo ni kwamba ulinzi hautegemei kujisajili. Lakini angalia hapa, maana wapigapicha wengi wa harusi huanguka: sheria ya Kenya inasema kazi ukiifanya kwa kuagizwa, au ukiwa umeajiriwa, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyekuagiza au mwajiri wako, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo mkataba wako na bibi harusi unaweza kuwa ndio unaoamua kama una kesi au huna. Na kama wewe ndiye uliye ndani ya picha, hakimiliki si njia yako hata kama uso wako umejaa bango zima. Njia yako ni ile ya sura.

Pili, unataka nini hasa? Picha iondoke leo, ulipwe, au aliyefanya aadhibiwe? Kila njia hapa chini ni hodari kwa jambo moja na dhaifu kwa jingine.

Tatu, una muda na fedha kiasi gani, na unataka kubaki na uhusiano gani na aliyekukosea. Mteja wa kila mwaka hashughulikiwi kama mtu usiyemjua.

Nne, ushahidi. Hili hufanywa kabla ya yote, kabla hata ya kumtumia mtu ujumbe wa hasira, kwa sababu ukishamtumia atafuta. Piga picha ya skrini inayoonyesha anwani ya ukurasa, tarehe na jina la akaunti. Bango la barabarani lipige kwa mbali likionekana na jengo, kisha kwa karibu. Tunza faili lako ghafi lenye tarehe na saa ya kamera, pamoja na picha ulizopiga kabla na baada ya ile. Mwizi ana nakala moja iliyokatwa, wewe una mfululizo mzima. Kenya, ushahidi wa kielektroniki ukienda nao mahakamani unaambatana na cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ulivyotolewa na kwa kifaa gani. Andika mapema ni simu gani uliyotumia.

Barua ya madai

Wanaoweza kuitumia ni wote wawili, mpigapicha na aliyepigwa. Gharama yake ni muda wako ukiandika mwenyewe, au ada ya wakili ukitaka kichwa cha barua kimtikise. Jibu huja kwa siku au wiki chache, au lisije kabisa.

Hii ndiyo njia niliyoanza nayo, na naiheshimu sana. Barua yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja. Ilieleza picha ni ipi na niliipiga lini, ikaambatana na picha za bango, ikasema sikuwahi kuwapa leseni, na ikataka mambo matatu: bango lishushwe katika siku 7, waniambie picha imetumika wapi kwingine, na walipe ankara niliyoiambatanisha. Ankara ndiyo iliyofanya kazi. Mwenye biashara akiona neno "fidia" tupu anadhani unamtisha. Akiona ankara yenye bei ya leseni ya bango kwa miezi 6, ile ile ninayowatoza wengine, anaelewa ni deni. Bango lilishushwa siku ya nne. Malipo yalikuja baada ya kuvutana, pungufu ya nilichodai, nikayakubali.

Udhaifu wake ni kwamba barua haina nguvu ya kumlazimisha mtu. Na ukiiandika kwa matusi, au kwa vitisho vya kumuanika mtandaoni usipolipwa, unaweza kugeuka wewe mkosaji. Dai kiasi unachoweza kukitetea kwa karatasi.

Inamfaa mwenye madai dhidi ya biashara inayojulikana ilipo, inayojali jina lake, na hasa anayetaka kulipwa bila kuvunja uhusiano. Haifai kabisa kwa akaunti ya uongo isiyo na mwenyewe.

Kuiondosha mtandaoni

Facebook, Instagram, YouTube na Google zote zina fomu za kuripoti ukiukaji wa hakimiliki, na msingi wake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayofahamika kama DMCA. Ni bure na haihitaji wakili. Unatoa jina lako, anwani, kiungo cha picha yako na cha iliyoibwa, na tamko kwamba unayosema ni kweli. Mara nyingi picha huondoka ndani ya siku chache.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyagundua wakiwa wamechelewa. Jina na mawasiliano yako yanaweza kupelekwa kwa uliyemripoti, kwa hiyo kama ni mtu unayemwogopa, tafuta atakayeripoti kwa niaba yako. Na yule akipeleka pingamizi, wewe usipofungua kesi, picha inaweza kurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi.

Kenya ina njia yake pia. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019 yaliweka notisi ya kuondoa maudhui inayopelekwa kwa mtoa huduma za intaneti, ambaye anatakiwa kufunga maudhui hayo ndani ya saa 48 za kazi asipopata pingamizi. Notisi hiyo ni nzito kuliko fomu za mitandao: inaambatana na kiapo, na nakala zinakwenda kwa Bodi ya Hakimiliki. Kusema uongo ndani yake ni kosa la jinai. Kwa tovuti inayohifadhiwa hapa nyumbani, ni silaha nzuri.

Njia hii humfaa mpigapicha anayetaka kuenea kukome. Hailipi hata senti, na haishushi bango. Aliyepigwa hatumii fomu ya hakimiliki; mitandao hiyo ina fomu nyingine za faragha, na picha ya mtoto mdogo mzazi anaweza kuiripoti mwenyewe.

Kamishna wa Ulinzi wa Data

Hapa ndipo aliyepigwa anapopata nguvu, na ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu njia hii ni changa na wengi hawajui ni yao.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu uso unaotambulika kuwa taarifa binafsi. Kutumia taarifa hizo kibiashara kunahitaji ridhaa ya wazi, na mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa uko kwa aliyeitumia. Hebu lifikirie hilo kwa jicho la nahodha. Hakuhitaji kuthibitisha kwamba alikataa. Ofisi ile ndiyo ilitakiwa kutoa karatasi yenye sahihi yake, na haikuwa nayo. Ridhaa aliyonipa mimi ufukweni, "piga tu mwanangu", ilikuwa ya kupigwa, tena kwa maonyesho ya picha. Haikuwa ya kuuzia watu safari.

Malalamiko huweza kutolewa kwa maandishi au kwa mdomo. Ukieleza kwa mdomo, ofisi inayaandika. Huhitaji wakili. Kuna ofisi Nairobi, na nyingine nje yake ikiwemo Mombasa. Kisheria uchunguzi unatakiwa kukamilika ndani ya siku 90. Njiani wanaweza kuwapatanisha, na hilo ndilo lililotokea kwetu: nahodha alipopeleka malalamiko yake, ofisi ile ya watalii ilitaka suluhu haraka, wakamlipa na kumwandikia barua ya kuomba radhi ambayo ameiweka ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na leseni ya chombo.

Meno yapo. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kipi ni kidogo. Septemba 2023 Kamishna aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Kesi ya watoto ilitozwa zaidi ya mara mbili ya ile ya klabu, na kwangu mimi ni sawa kabisa.

Usichanganye faini na fidia. Faini haiingii mfukoni mwako. Fidia ni jambo jingine, sheria inairuhusu na Kamishna ameshaiamuru katika baadhi ya mashauri, lakini ni lazima uidai na uonyeshe ulichopoteza au ulivyoumizwa. Na asiyeridhika anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, kwa hiyo siku 90 huenda zisiwe mwisho wa safari.

Tanzania Bara na Zanzibar zina njia inayofanana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Malalamiko hupelekwa kwa Tume, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni 100 za Tanzania.

Njia hii humfaa mteja, mwanafunzi, mgonjwa, mzazi, mfanyakazi aliyeacha kazi na bado sura yake inauza bidhaa. Mpigapicha ambaye hayumo pichani hana cha kudai hapa. Na habari za kweli zenye maslahi kwa umma zina msamaha wake: ukionekana kwenye picha ya gazeti ukiwa katika maandamano, usitarajie ushindi.

Bodi ya Hakimiliki

Kenya ni KECOBO, Tanzania Bara ni COSOTA, Zanzibar ni COSOZA. Mlango huu ni wa mpigapicha. Unapeleka malalamiko na ushahidi wa umiliki, na Bodi inaweza kuwaita mkapatana. KECOBO ina wakaguzi na waendesha mashtaka wake, kwa hiyo jambo linaweza kufika kwenye jinai. Kenya pia kuna Baraza la Hakimiliki linalosikiliza baadhi ya migogoro ya hakimiliki.

Gharama ni ndogo na jina la Bodi lina uzito kwa asiyetishika na barua yako. Lakini ikifika kwenye mashtaka, wewe unakuwa shahidi. Mashtaka si yako tena na faini ni ya serikali. Naiona inafaa pale mtu anapoiba kama biashara: anachapisha kalenda, fulana au kadi za posta kwa picha za watu, mwaka baada ya mwaka. Hapo usajili wa hiari wa picha zako muhimu, uliofanywa mapema, hukuondolea ubishi wa nani ni nani.

Mahakamani

Wote wawili wanaweza kuingia. Mpigapicha anaweza kuomba amri ya zuio, fidia, faida aliyopata mwizi, au malipo sawa na leseni ambayo ingelipwa kihalali. Aliyepigwa anasimama kwenye Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 28 juu ya utu na ya 31 juu ya faragha. Mwaka 2017 Mahakama Kuu, katika shauri la mwanamke aliyekuta picha yake kwenye tangazo la kituo cha urembo, iliweka mambo matatu ya kuthibitisha: kwamba sura yako imetumiwa, kwamba imetumiwa kwa kujinufaisha, na kwamba hukuridhia.

Hakuna njia nyingine yenye nguvu ya mahakama, hasa amri ya zuio ya haraka wakati kampeni ya matangazo ndiyo kwanza inaanza. Hakuna pia inayokula kama hii. Wakili, ada za kufungua, miezi na mara nyingi miaka. Ukishindwa, unaweza kuamriwa kulipa gharama za mwenzako. Na kuna ukomo. Madai ya kosa la madhara, yaani ya kutaka fidia kwa kudhuriwa, Kenya yana miaka 3, na kama picha imekuchafulia jina ukataka kushtaki kwa kashfa, una miezi 12 tu.

Kama mlikuwa mmekubaliana bei ya picha na yeye hakulipa, hilo ni deni la huduma. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai hadi shilingi 1,000,000, yanayotakiwa kumalizwa ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe.

Aliyechukua akiwa ng'ambo, mara nyingi ni kampuni ya safari inayouza Lamu au Serengeti, fuata sheria ya kule aliko. Uingereza ina mahakama ya madai madogo ya mali ya ubunifu, hadi pauni 10,000, bila kulazimika kuwa na wakili. Marekani, tangu mwaka 2022, ina Bodi ya Madai ya Hakimiliki, hadi dola 30,000, lakini lazima kazi iwe imeombewa usajili kule, na mshtakiwa ana haki ya kujitoa.

Kwa hali yako

Umekuta picha yako kwenye ukurasa wa duka dogo la mtandaoni, na unachotaka ni iondoke: chukua ushahidi, ripoti kwa fomu ya mtandao husika, endelea na maisha. Ukitaka na malipo, tuma barua na ankara kwanza, na fomu iwe baadaye. Ukiondosha picha mapema unapunguza hamu yao ya kuzungumza.

Kampuni yenye bango, brosha au tangazo la televisheni: barua kupitia wakili, yenye siku maalumu. Ikipita bila jibu na matumizi ni makubwa, kwenda mahakamani kunastahili usumbufu wake. Matumizi yakiwa madogo, peleka KECOBO au COSOTA.

Sura yako ndiyo inayouza, na hukuwahi kusaini kitu: andika ukitaka ifutwe, wape siku chache, kisha nenda kwa Kamishna au kwa Tume. Kama wewe ni mzazi na picha ni ya mwanao, usisubiri hata hizo siku.

Ni picha ya utupu au ya faragha yako: hapa hakuna barua wala bei. Kenya, kuisambaza ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 37, faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka 2. Nenda polisi ukiwa na mtu unayemwamini. Tumia pia huduma ya bure ya StopNCII, ambayo hutengeneza alama ya siri ya picha ndani ya simu yako mwenyewe, na mitandao inayoshiriki huitumia alama hiyo kuizuia bila picha yenyewe kutoka mkononi mwako.

Na kama hali yako ni kama yetu, mpigapicha na mpigwa wote wamekosewa, nendeni kila mmoja kwa njia yake lakini mkipeana ushahidi. Faili langu ghafi lilithibitisha picha ilipigwa lini. Maelezo ya nahodha yalithibitisha hakuna aliyemwomba ruhusa. Tangu siku ile natembea na fomu ya ridhaa ndani ya mkoba wa kamera, kwa Kiswahili, ya nusu ukurasa, yenye visanduku vitatu vya kuweka alama: maonyesho, habari, matangazo. Ya nahodha ina alama mbili za kwanza. Kisanduku cha tatu alikiacha wazi.